Mtamba wa maziwa: protini gani inamfaa mufugaji?

Mtamba chotara, mtoto wa Ankole na dume la Frizoni, anaweza kukomaa mbele ya Ankole wa kawaida, lakini ni kama amelishwa vizuri. Akikosa protini, mwili unabaki mdogo. Kwa kawaida anapandishwa akifikisha karibu asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima. Kila mwezi anaochelewa, mufugaji anangojea maziwa na huku anaendelea kulisha.

Ukiondoa maji, chakula cha mtamba wa chini ya mwaka kinaomba protini ya asilimia 14 hadi 16. Baadaye, karibu 12. Matete yaliyokomaa mara nyingi hayafiki 8. Inayopunguka inapaswa kutoka pengine:

- Mashudu ya soya: asilimia 44 hadi 48. Ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini bei iko juu.
- Mashudu ya karanga: karibu 45. Yenye kuota ukungu iko na sumu, itupwe.
- Mashudu ya kokwa za ngazi: 14 hadi 18. Ng'ombe wengine wanayakataa mwanzoni. Yachanganywe kidogo kidogo.
- Dreshi, masalio ya kiwanda cha bia: karibu 25 ikikauka. Lakini ikiwa mbichi, zaidi ya robo tatu ni maji, na inaoza kwa siku chache.
- Majani ya kaliandra: 20 hadi 25. Kilo 3 mbichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha kununua.

Kosa la sokoni ni kulinganisha bei ya mifuko tu. Mfuko wa kilo 50 wa mashudu ya soya unabeba karibu kilo 22 za protini. Ule wa ngazi, karibu kilo 8. Kwa hiyo, hata bei ya soya ikiwa mara mbili na nusu ya ile ya ngazi, soya bado ni rahisi. Vilevile, kilo 100 za dreshi mbichi zinaleta kilo 5 ao 6 tu. Kwa mwenye kukaa mbali na kiwanda, transpo inakula faida.

Kwenye milima ya Masisi, Lubero ao Kabare, kaliandra inaweza kupandwa kwenye mipaka ya shamba, na inashikilia udongo. Hiyo haiombi franga kila wiki. Lakini protini peke yake haitoshi: majani ya kutosha, maji na chumvi vinabaki msingi.