Kifunguamimba Aliyechelewa

Mbweni, kabla ya kufikiwa na mji wa Dar es Salaam, ilikuwa kijiji cha wavuvi. Na katika vijiji vya mwambao, mama kuchukua mimba baada ya miaka 40 halikuwa jambo geni. Mtoto huyo aliitwa kitindamimba, akapokewa kwa furaha. Lakini aliyefika umri huo bila ya kifunguamimba aliitwa tasa, na mumewe hakuulizwa neno.

Elimu imeitengua hukumu hiyo. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo hupungua na kuchakaa kadiri ya miaka. Lakini kasoro huweza pia kuwa ya mume. Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mamaye. Mwaka 2023, mjini Kampala, mwanamke wa miaka 70, aliyesimangwa miaka mingi kwa ugumba, alijifungua mapacha waliotokana na yai la kupewa. Kumbe tumbo lililoshutumiwa laweza kulea.

Mimba ya umri huo ina hatari zake, na tiba hiyo ni ghali. Kuacha masimango hakuna gharama.