Magari ya familia ya Kifaransa: Jinsi ya kutambua ubovu kabla ya kununua kifaa

Na Mwandishi Wetu, Masasi

WAMILIKI wa magari ya familia yaliyotengenezwa Ufaransa hukabiliwa na swali moja kila gari linapogoma: kibadilishwe kifaa gani? Swali hilo huja kabla ya wakati wake. La kwanza ni kujua kilichoharibika, na jibu lake hupatikana kwa kupima.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Masasi na Newala. Mkazi wa Chiungutwa, wilayani Masasi, akinunua kifaa cha Toyota kisichofaa, hakosi mtu wa kukichukua. Akikosea kifaa cha Peugeot, Renault au Citroën, kile sahihi huenda kikalazimika kuagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 500, na fedha iliyolipwa kwanza hairudi.

Kwa familia inayotegemea mauzo ya korosho ya msimu mmoja kwa mwaka, kosa moja la namna hiyo linaweza kuliacha gari juu ya mawe hadi msimu unaofuata.

Makala haya yanaeleza hitilafu zinazojitokeza mara kwa mara katika magari hayo, dalili zake, namna ya kuzipima na matengenezo yanayostahili.

MAGARI YENYE HISTORIA

Sifa ya magari ya Kifaransa katika Afrika Mashariki ilijengwa barabarani. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell.

Peugeot 504 ilifuata nyayo hizo mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1968, na liliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hata baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza yale ya abiria.

Lile la safu tatu za viti, ambalo wengi walilijua kwa jina la Pijo, lilibeba familia na abiria wa masafa marefu kwa miongo kadhaa. Baadaye zilikuja Peugeot 405, 206 na 307, Renault za aina mbalimbali na Citroën, na pamoja nazo ukaja umeme mwingi kuliko ule uliozoeleka.

GARI KUCHEMSHA

Kuchemsha ndiyo hitilafu inayoua injini nyingi zaidi. Mazingira ya nyanda za Makonde huongeza hatari hiyo: kupanda ukingo wa nyanda kuelekea Newala huku gari limejaa hulazimu injini kufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, na uhaba wa maji wa siku nyingi huwafanya madereva kujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu.

Maji yenye chumvi au tope huacha ukoko ndani ya rejeta na kula vichwa vya injini vilivyotengenezwa kwa aluminiamu. Inafaa kutumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyotoneshwa, yakichanganywa na dawa ya rejeta ambayo huzuia kutu.

Katika Peugeot 404 na 504, sehemu ya kuangaliwa mapema ni feni. Feni ya magari hayo haizunguki na injini muda wote, bali hushikwa na sumaku ya umeme pale joto linapopanda. Ikiwa fyuzi imeungua, kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku imekwisha, au nafasi kati ya sumaku na feni imekuwa kubwa, feni itabaki ikizunguka kivivu na gari litachemsha mlimani.

Mtu asiyejua mpangilio huo huona feni ikizunguka, akaamini ni nzima, kisha akanunua pampu ya maji isiyohitajika. Kaboni mpya na marekebisho ya nafasi kwa kutumia skrubu tatu zilizopo kwenye feni huweza kumaliza tatizo hilo.

Katika magari ya baadaye feni huendeshwa na mota yake ya umeme. Acha injini iungurume ikiwa imesimama hadi ipate joto na uone kama feni inawaka. Isipowaka, pima fyuzi, rilei, sensa ya joto na mota yenyewe, kwa mfuatano huo.

Chanzo kingine ni hewa iliyonaswa ndani baada ya kujaza maji. Peugeot na Citroën nyingi zina vizibo vidogo vya kutolea hewa kwenye mipira ya maji au karibu na themostati. Vifungue injini ikiwa baridi, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza maji taratibu mpaka yatoke bila mapovu, kisha vifunge. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Kama maji yanapungua bila kuvuja nje, mipira inakuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha, mapovu yanaonekana kwenye chombo cha maji, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Gari lisiendeshwe tena hadi lipimwe.

Mafundi wanaofungua injini za Peugeot 404 na 504 wanapaswa kukumbuka kuwa silinda zake ni mikebe inayozungukwa na maji na kuzibwa upande wa chini. Hedi ikishatolewa, injini isizungushwe kabla ya mikebe hiyo kubanwa. Ikinyanyuka kidogo tu, maji yataingia kwenye oili baada ya kazi yote kukamilika.

INJINI KUTETEMA NA KUKOSA NGUVU

Katika magari ya petroli ya miaka ya karibuni, injini inayotetema na kukosa nguvu hasa mlimani mara nyingi huwa na plagi zilizochoka au koili mbovu. Taa ya injini ikiwaka kwa kupepesa, dereva apunguze mwendo na asilikandamize gari, kwa kuwa petroli isiyoungua inaweza kuharibu kichujio cha moshi.

Kompyuta ya kupimia huonyesha namba ya silinda yenye kasoro. Kwa mfano, P0301 humaanisha silinda ya kwanza haiwaki ipasavyo, na P0304 ni silinda ya nne.

Hapa ndipo mafundi waliozoea magari ya Japani hukosea. Katika Toyota, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Peugeot, Citroën na Renault zenye silinda nne huanza kuhesabu upande wa pili, ule wa klachi na giaboksi. Fundi asiyejua hilo hubadilisha koili nzima ya silinda ya nne na kuiacha mbovu ya silinda ya kwanza mahali pake, kisha mwenye gari huambiwa kuwa kompyuta ya gari imekufa.

Kwa gari ambalo kila silinda ina koili yake, upo uthibitisho usio na gharama. Hamisha koili inayoshukiwa kwenye silinda nyingine, kisha pima tena. Kasoro ikihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, angalia plagi, waya, nozeli na mgandamizo wa silinda.

Kwa magari ya dizeli, anza na chujio la mafuta. Toa maji yaliyotuama chini yake na uangalie kama mipira inaingiza hewa. Peugeot 504 ya dizeli inayowaka kwa shida asubuhi tu, kisha ikawa sawa ikipata joto, huhitaji kupimwa plagi za joto kabla ya pampu kuguswa.

Katika injini za HDi, mlio wa kufoka pamoja na masizi meusi yanayonata kuzunguka nozeli ni dalili ya washa inayovujisha. Mabomba ya mafuta ya injini hizo yasifunguliwe wala kushikwa injini ikiwa inaunguruma, kwani mafuta hupita kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bar 1,000 na hutoboa ngozi.

EKSELI YA NYUMA

Peugeot 205, 206, 306 na 405, pamoja na Citroën ZX, Xsara na Berlingo za toleo la kwanza, zina ekseli ya nyuma isiyo na springi za kuzunguka. Uzito hubebwa na fimbo za chuma zinazojikunja, na mikono ya magurudumu huzunguka juu ya beringi za vijiti vyembamba.

Vumbi la barabara za mchanga na maji ya masika vikipenya kwenye mipira ya kuziba, beringi hizo hukauka na kusagika. Dalili zake ni mlio wa bawaba gari linapopita kwenye matuta, tairi za nyuma kulika upande wa ndani, na magurudumu kuinama kwa juu kuelekea ndani.

Inua gurudumu la nyuma kwa jeki, weka vishikizo imara, kisha litikise kwa kulishika juu na chini. Kama gurudumu pekee linacheza, tatizo lipo kwenye beringi ya gurudumu. Kama mkono mzima unacheza dhidi ya ekseli, beringi za ndani zimekwisha.

Likiwahiwa, beringi na mipira hubadilishwa kwa gharama ndogo. Likiachwa, mhimili wa chuma huchimbika na ekseli nzima hutupwa. Kubadilisha shokabu au kupeleka gari kwenye mizani ya magurudumu hakuwezi kuponya ubovu huo.

UMEME UNAOCHANGANYA

Katika Peugeot 206, 307 na nyingine za kizazi hicho, kompyuta kadhaa huwasiliana kwa nyaya chache. Umeme ukipungua, taa za dashibodi huwaka bila mpangilio, waipa hugoma na milango hujifunga yenyewe.

Pima betri kwanza. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, inapaswa kuonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiunguruma, kipimo kiwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisha safisha na kukaza waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na giaboksi. Ni baada ya hapo tu ndipo kompyuta inaweza kushukiwa.

Kabla ya kuondoa betri, zima gari na usubiri dakika kadhaa ili kompyuta zilale.

CITROËN ZA MAJIMAJI

Citroën BX, XM na Xantia nyingi hutumia majimaji na gesi ya naitrojeni badala ya springi. Gari likianza kurukaruka kama mkokoteni, mipira ya chuma yenye gesi imeishiwa na inahitaji kujazwa au kubadilishwa.

Majimaji yake ni ya kijani, aina ya LHM. Kuweka oili ya kawaida ya breki huharibu mipira yote ya kuziba. Kwa kuwa breki hutegemea majimaji hayohayo, taa nyekundu ya STOP ikiwaka gari lisimamishwe mara moja. Mtu asiingie chini ya gari hilo bila vishikizo, kwani hushuka lenyewe.

KABLA YA KUAGIZA KIFAA

Magari mawili ya Kifaransa ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na breki au pampu tofauti. Andika namba ya chesisi na aina ya injini. Kwa Renault, nakili maandishi yote ya kibati cha kiwandani. Kwa Peugeot na Citroën, nakili pia namba ya uzalishaji iliyo kwenye lebo ya mlango wa dereva.

Piga picha ya kifaa cha zamani pamoja na namba zake, na usikitupe hadi kipya kifungwe na kujaribiwa. Aidha, mtake fundi aeleze alipima nini na akaona nini. Asipoweza kueleza, gari halijapimwa bado, na fedha ibaki mfukoni.