Mafua katika Tiba ya Ayurveda: Elimu Iliyotoka India Ikafika Baghdad

Ndugu msomaji, mafua ni maradhi yanayoingia kila nyumba bila kubisha hodi. Mtoto akianza kupiga chafya, mmoja atataka achemshiwe tangawizi, mwingine atasema ni baridi ya usiku, mwingine atalaumu vumbi. Mawazo ya namna hii ni ya kale sana. Waganga wa India waliyaandika kabla ya kudhihiri Uislamu, na baadaye Waislamu wakayasoma kwa Kiarabu.

Tiba hiyo ya India huitwa Ayurveda, na vitabu vyake viwili vikubwa ni vya Charaka na Sushruta. Kwa mujibu wa tiba hii, mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, ambayo ni upepo, pitta, ambayo ni joto na nyongo, na kapha, ambayo inakaribiana na kile tunachokiita belghamu. Nguvu hizi zikiwa sawa mtu huwa na afya, na moja ikizidi huugua.

Mafua waliyaita pratishyaya. Charaka aliyagawa katika aina nne: ya upepo, ya joto, ya belghamu, na ile ambayo zote tatu zimeharibika kwa pamoja. Sushruta akaongeza ya tano, ya damu. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni vumbi, moshi, ubaridi, kukesha, kuzuia haja na kubadilika kwa majira. Mgonjwa alipewa chakula chepesi na vitu vya moto, ikiwemo tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, mpaka kamasi ziive na kuwa nzito. Walionya pia kwamba mafua yakipuuzwa huweza kuzaa maradhi makubwa zaidi.

Je, elimu hii iliwafikiaje Waislamu? Katika zama za Khalifa Harun al-Rashid (786–809), waziri wake alikuwa Yahya ibn Khalid al-Barmaki. Ukoo wake ulitoka Balkh, ambako mababu zake walikuwa wasimamizi wa hekalu la Wabudha. Hivyo habari za India hazikuwa ngeni kwao. Yahya aliwaleta waganga wa Kihindi Baghdad, na mmoja wao, Manka, alikifasiri kitabu cha Sushruta. Cha Charaka nacho kilifasiriwa kwa Kiarabu kutoka Kifarsi. Mwaka 850 Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alikamilisha kitabu chake, Firdaws al-Hikma, na mwishoni akaweka milango 36 inayoeleza tiba ya Wahindi. Hakuficha kuwa elimu hiyo ni yao.

Hata maneno yalisafiri. Neno pilipili lina asili yake katika pippali, jina la pilipili ndefu kwa Kisanskriti, likapita kwa Wafursi na Waarabu.

La msingi ni kwamba wanazuoni hao hawakuishia kunakili. Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliwataja waganga wa Kihindi katika maandishi yake, lakini aliamini pia macho yake. Aliandika risala kuhusu Abu Zayd al-Balkhi, ambaye pua yake ilimsumbua kila majira ya maua ya waridi. Leo tungesema ni mzio wala si mafua ya kuambukizana. Risala hiyo huhesabiwa miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya maradhi hayo.

Na sisi tufanye vivyo hivyo. Tangu miaka ya 1950 imejulikana kuwa mafua huletwa na virusi. Kundi moja tu, la rhinovirusi, lina aina zaidi ya 160. Hivyo basi, si upepo wala belghamu iliyozidi, na viuavijasumu haviyatibu. Hata hivyo, mapumziko na vinywaji vya moto humpa mgonjwa nafuu, na lile onyo la kutopuuza lingali na maana.

Wazazi wazingatie haya. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Asitiwe mafuta wala samli puani, kwani huweza kuingia mapafuni. Dawa za unga au vidonge zisizojulikana zilivyotengenezwa zisichukuliwe kwa kuwa tu zinaitwa za asili: mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na mtoto akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kamasi ziive.

Waislamu wa Baghdad hawakuikataa elimu kwa sababu ilitoka kwa watu wa dini nyingine, wala hawakuipokea kwa sababu tu ni ya kale. Waliisoma, wakaipima, na wakamtaja mwenyewe. Huo ndio urithi unaofaa kufundishwa watoto wetu.