Jedwali la Musoma

Kuna jedwali moja dogo lililozunguka dunia nzima. Lina safu mbili tu. Safu ya kwanza ni ya watoto wachanga 287: kati yao 189 hawana jeni ya selimundu, 89 wanayo moja, na 9 wanazo mbili. Safu ya pili ni ya watu wazima 654: 400 hawana, 249 wanayo moja, na 5 wanazo mbili. Damu yenyewe ilitoka wilaya ya Musoma, enzi za Tanganyika, na namba zikachapishwa na Anthony Allison mwaka 1956. Tangu hapo wanafunzi wa Ulaya na Marekani wamepewa jedwali hili kama zoezi. Kokotoa wingi wa jeni. Linganisha safu mbili. Eleza nguvu ya uteuzi asilia.

Kwa sisi wa huku Sola, Musoma si jina la kitabuni. Mkoa wa Mara tumepakana nao. Watoto wa safu ile ya kwanza, waliojaliwa kuishi, leo ni babu na bibi wenye umri unaokaribia miaka 70 au zaidi. Ndiyo maana nataka tulisome jedwali hili kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote kwenye blogu hii: nani ameandika, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje.

Tuanze na mwandishi. Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, kwenye shamba karibu na Gilgil. Mwaka 1949 alirudi Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alikuwa bado hajamaliza masomo yake ya udaktari. Wenzake wakishughulika na mimea na wadudu, yeye akakusanya damu za watu. Alichokiona kilikuwa cha ajabu: pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu wenye jeni moja ya selimundu walikuwa wengi mno, asilimia 20 na zaidi, nyanda za juu, karibu hakuna. Sasa jeni inayoua watoto inawezaje kuwa nyingi hivyo? Ilipaswa iwe imekwisha zamani. Jibu alilolifikiria ni malaria. Penye mbu wengi, mwenye jeni moja anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kinga hiyo inafidia vifo vya wale wenye jeni mbili.

Mwaka huohuo wa 1949 mambo mengi yaliiva kwa pamoja. Marekani, James Neel alionyesha kwamba mgonjwa wa selimundu ni mtoto wa wazazi wawili ambao kila mmoja anabeba jeni moja. Daktari Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, alifikia jambo hilohilo kwa kufuatilia ukoo wa wagonjwa wake. Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini yenyewe ya mgonjwa ni tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli, jina ambalo halikuwahi kutumika kwa ugonjwa mwingine. Na Uganda, Lehmann na Raper wakachapisha takwimu za makabila: kwa Waamba wa magharibi, wabebaji walifika asilimia 45. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ile inatokana na asidi amino moja tu iliyobadilika kwenye mnyororo wa protini. Kwa hiyo mtu akisema elimu ya vinasaba vya binadamu katika udaktari wa kisasa ilijengwa juu ya ugonjwa huu, hajatia chumvi. Na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwenye vidole vya watu wa Afrika Mashariki.

Lakini angalia walivyopanga takwimu zao. Kabila kwa kabila. Watafiti wa wakati ule walipenda kutumia jeni hii kama alama ya kujua nani ni ndugu wa nani, nani kahamia kutoka wapi. Allison ndiye aliyewageuza: si kabila, ni mbu. Somo hilo bado halijaingia vizuri vichwani. Utasikia hata leo watu wakisema siko seli ni ugonjwa wa kabila fulani. Mwanafunzi wa udaktari anayemaliza chuo akiwa na wazo hilo atampima mtoto kwa kuangalia jina la ukoo wake, na yule mwenye jina la kwingine atampita hivihivi.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu hulipitia haraka. Ili kuthibitisha wazo lake, Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kijaluo, 15 wenye jeni moja na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo, 14 walipata vimelea. Kati ya wenye nayo, 2 tu. Kisayansi ni matokeo yanayozungumza yenyewe. Inasemekana walikuwa wa kujitolea na walitibiwa. Ila mwaka ni 1953 au karibu na hapo, Kenya ni koloni, na anayeomba ridhaa ni daktari mzungu. Mwalimu anayefundisha matokeo haya bila kuuliza ridhaa ile ilikuwa ya namna gani, amefundisha nusu ya somo.

Sasa turudi kwenye namba za Musoma. Kitabu kinataka uangalie safu ya katikati. Wabebaji ni asilimia 31 ya watoto, lakini asilimia 38 ya watu wazima. Wameongezeka! Hapo ndipo mwanafunzi anapata alama zake: kinga ya malaria imeonekana kwa namba. Ila jicho likishuka mstari mmoja chini, kuna hadithi nyingine. Wenye jeni mbili, yaani wagonjwa wenyewe, ni 9 kati ya watoto 287. Kwa uwiano huo, watu wazima 654 walipaswa kuwa na wagonjwa kama 20. Wamo 5. Si watu walewale waliofuatiliwa tangu utotoni, kwa hiyo hesabu ni ya kukisia tu, lakini inatosha. Watu kama 15 hawapo. Hakuna mstari wao kwenye jedwali. Hawakuitwa, hawakupimwa, walishazikwa kabla daktari hajafika na sindano yake.

Hapa ndipo ninapoona mpaka kati ya kufundisha jenetiki na kufundisha jenetiki ya wodini. Ya kwanza inafurahia 249. Ya pili inauliza 15 wako wapi, na walikufa wakiitwa wana nini. Mtoto wa miaka miwili anayevimba vidole na kulia usiku kucha, katika Usukuma wa wakati ule, aliitwa nini? Anemia, labda, kama alifika zahanati. Kama hakufika, jina lilitolewa nyumbani, na jina hilo mara nyingi lilikuwa na mshtakiwa ndani yake.

Sisi wenyewe tulianza kufundisha udaktari lini? Kwa muda mrefu mtoto wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, ambako shule ya tiba ilianza Mulago mwaka 1924. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, ikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na hatimaye mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha Muhimbili. Kanda ya Ziwa tulipata Hospitali ya Bugando mwaka 1971, na chuo cha tiba palepale mwaka 2003. Hesabu miaka. Toka jedwali la Musoma hadi daktari wa kwanza kuanza kufunzwa Mwanza, ni miaka 47. Namba zetu zilikuwa zimeshatumika kwenye mitihani ya watu wengine kwa karibu nusu karne.

Na hata chuo kilipokuja, somo la vinasaba lilikaa kwenye miaka ya mwanzo pamoja na biokemia: mwanafunzi anakariri, anafaulu, anasahau. Miaka mitatu baadaye yuko wodi ya watoto, hakumbuki kwamba kitu kile na mtoto huyu ni jambo moja. Kilichoanza kuleta mabadiliko ni kliniki. Muhimbili, kuanzia mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia, maelfu yao, mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza wagonjwa walikuwa na majina, mafaili na tarehe ya kurudi. Ikaonekana wazi kwamba wanaokufa zaidi ni walio chini ya miaka mitano. Wale 15 wa Musoma wakaanza kuonekana.

Kwetu, jibu lilikuja kwa njia ya pembeni. Maabara ya Bugando ilikuwa inapokea matone ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, kutoka kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU. Watafiti wakapima zaidi ya matone 17,000 ya aina hiyo kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi na kuchapisha matokeo mwaka 2020: wabebaji asilimia 20.3, wagonjwa asilimia 1.2. Yaani mtoto mmoja katika kila watano anabeba jeni moja, na zaidi ya mmoja katika kila mia anaumwa. Mwalimu wa Mwanza hahitaji tena mfano wa kutoka mbali. Darasa la wanafunzi 100 lina wabebaji ndani yake, huenda 20, na wengi hawajijui.

Lakini kujua takwimu si kujua kusema. Hapa ninarudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yetu. Mwanafunzi amefundishwa kwa Kiingereza. Anazungumza na mama kwa Kiswahili. Mama huenda anafikiri kwa Kisukuma. Mwanafunzi anasema: “Mama, huu ni ugonjwa wa kurithi.” Anaona amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza ameanza matatizo. Kwa Kiswahili, kurithi ni kupata kitu kutoka kwa aliyekuwa nacho. Unarithi shamba la mzee aliyekuwa na shamba. Sasa mama anajibu, kwa haki kabisa: “Kwetu hakuna mwenye ugonjwa huu.” Baba naye anasema hivyohivyo, “na kwetu hakuna.” Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na mara nyingi lawama inamwangukia mama.

Jina la ugonjwa wenyewe lilitafsiriwa vizuri. Mundu kila mvunaji wa mpunga anaujua, na chembe iliyopinda hivyo inaeleweka inavyoweza kukwama kwenye mshipa mwembamba. Neno la urithi ndilo linalohitaji kazi. Mwalimu mzuri atamlazimisha mwanafunzi aseme vingine: kila mmoja wenu ana mbegu mbili, moja nzima na moja iliyopinda, ile nzima inatosha, ndiyo maana hamuumwi, mtoto huyu amepata iliyopinda ya baba na iliyopinda ya mama. Bila wote wawili, asingeumwa. Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kuokoa ndoa.

Halafu kuna ile robo. Ukimwambia mzazi “mmoja kati ya wanne,” anaelewa kwamba wa kwanza akishaumwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Hapana. Kila mimba ni sarafu mbili zinazorushwa upya, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka jana. Mwanafunzi arushe sarafu mwenyewe mbele ya wenzake, mara 20, aone zinavyoweza kufuatana vibaya.

Kanda yetu ina sababu nyingine ya kulichukulia somo hili kwa uzito. Ualbino nao unarithiwa kwa namna hiyohiyo: wazazi wawili wabebaji, wenye rangi ya kawaida, wanapata mtoto asiyetarajiwa. Kwa kutoelewa, baba amemkataa mtoto, mama ameitwa malaya. Na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoiaibisha Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, yalitokea kwenye jamii ambayo haikuwa na maelezo mengine ya kushindana na ya waganga. Sisemi jenetiki peke yake ingewazuia wauaji. Biashara ya viungo ilikuwa na wanunuzi wake. Ila familia yenye maelezo mkononi humlinda mtoto wake kwa ujasiri zaidi.

Na upo mtihani mgumu kuliko yote, ambao hauna jibu moja. Mtoto ana jeni mbili. Mama anabeba moja. Baba anapimwa, hana hata moja. Majibu yako mkononi mwa daktari kijana, na wote wawili wameketi mbele yake. Arudie kipimo, kwanza, maana maabara hukosea na himoglobini zina aina nyingi. Baada ya hapo? Aseme nini, kwa nani, na mbele ya nani? Jambo hili lilipaswa kuamuliwa kabla ya kuchukua damu, kwa kuwaeleza wote kipimo kinaweza kuonyesha nini. Ridhaa ile ambayo hatuna uhakika wale Wajaluo 30 waliielewa vipi, hapa ndipo inapodaiwa upya, kila siku, kwenye chumba kidogo cha kliniki.

Ningependa jedwali la Musoma liendelee kufundishwa, tena lifundishwe Mwanza na Dar kuliko kwingine kokote. Wanafunzi wakokotoe wingi wa jeni kama kawaida. Wakimaliza, waulizwe swali la pili: andika kwa Kiswahili, bila neno lolote la kigeni, utakachowaambia wazazi wa mmoja wa wale watoto 9. Leo kuna penisilini, kuna chanjo, kuna haidroksiurea. Kuna mambo ya kuwaambia ambayo mwaka 1956 hayakuwepo.