Meza inayoteleza: jinsi seremala alivyoacha kupima kila kipande

Mwaka 1906, seremala mmoja wa Berlin, Wilhelm Altendorf, alikuwa akitengeneza fanicha za mtindo uliopendwa siku zile Ujerumani. Wateja wake walitaka vipande vinavyolingana na kingo safi, lakini mashine za kupasulia mbao za wakati huo hazikumpa vitu hivyo. Meza ilikuwa imetulia, bledi ya duara imechomoza katikati, na fundi anausukuma ubao kwa mikono. Ubao mwembamba ulipita vizuri. Ubao mpana ulianza kupinda kabla ya kufika nusu ya njia, na fundi akamaliza kazi kwa randa, akirekebisha alichoharibu msumeno.

Altendorf aligeuza mpango mzima. Ubao ukalala tuli, meza ndiyo ikatembea. Upande mmoja wa bledi aliweka meza inayoteleza juu ya reli. Ubao ukaegemezwa kwenye meza hiyo, ukapita mbele ya bledi bila kuyumba. Unyoofu wa mkato haukutegemea tena mkono wa fundi, bali unyoofu wa reli. Mwaka 1919 kampuni yake ilihamia Minden, mji wa kaskazini magharibi mwa Ujerumani, na mashine nyingi za kukata mbao pana zinazouzwa leo duniani zimefuata wazo hilohilo.

Bledi ya duara yenyewe ilikuwa na umri mkubwa zaidi. Uingereza, Samuel Miller wa Southampton alipewa hataza mwaka 1777 kwa mashine iliyoutaja msumeno wa duara. Mjini humohumo, Walter Taylor alikuwa akitumia misumeno ya namna hiyo kutengeneza kapi za meli za kivita. Kapi ni kifaa ambacho baharia yeyote wa jahazi anakijua, na meli moja kubwa ya kivita ya Uingereza ilihitaji karibu kapi 1,000. Marekani wanamsimulia Tabitha Babbitt, mwanamke wa jumuiya ya kidini ya Shaker huko Massachusetts, kwamba mwaka 1813 aliona wanaume wawili wakivuta msumeno mrefu huku nusu ya nguvu zao ikipotea bure, akafunga bledi ya duara kwenye gurudumu lake la kusokotea nyuzi. Kisa hicho kinapendwa sana, ila Babbitt hakuwahi kuchukua hataza, na misumeno ya Southampton ilikuwa imemtangulia kwa miaka mingi.

Hatua kubwa ilipigwa Portsmouth. Kati ya 1803 na 1808, mhandisi Marc Isambard Brunel alisimika katika gati la jeshi la majini karakana ya mashine 45 zilizoundwa na Henry Maudslay. Kila mashine ilifanya kazi moja tu: hii inakata gogo, ile inatoboa, nyingine inachonga mfereji wa kamba. Watu 10 wakafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na watu 110, na kufikia 1808 karakana ilikuwa ikitoa kapi 130,000 kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa na haja ya kupima kila kapi. Kipimo kilikuwa kimefungwa ndani ya mashine, na kapi ya elfu ilifanana na ya kwanza.

Jambo hili ndilo kiini cha historia yote ya kukata mbao kwa usahihi, na ndilo linalosahaulika zaidi. Kila fundi anapovuta futi na kuweka alama kwa penseli, huingiza kosa dogo: unene wa risasi ya penseli, jicho lililoinama, ndoano ya futi iliyolegea. Akipima vipande vinane vya kabati mara nane, amefungua milango minane ya makosa. Akipima mara moja, akafunga kizuio, kisha akakata vipande vyote vinane vikigonga kizuio hicho, huenda vyote vikapungua nusu milimita, lakini vitapungua sawasawa. Kabati litakaa mraba. Kwa fanicha, kulingana kwa vipande ni muhimu kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mmarekani Raymond DeWalt aliijengea mashine fikra hiyo. Mwaka 1925 alipata hataza ya msumeno unaoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza: ubao unaegemea nyuma, unagonga kizuio, na fundi anavuta bledi. Wajenzi waliokata mamia ya nguzo zenye urefu mmoja waliipenda. Kwa mbao pana za fanicha haikufaa sana, kwa sababu mkono ule haukufika mbali na pembe yake ilihamahama.

Kisha mbao zenyewe zikabadilika. Mhandisi Mjerumani Max Himmelheber alikerwa na kuona sehemu kubwa ya mti ikiishia kuwa maranda na kuni. Mwaka 1932 alisajili njia ya kuzigandamiza chembe za mbao kwa gundi na joto ziwe ubao mpana, na mwaka 1941 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Bremen. Dunia ikapata chipubodi. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ilifuata Marekani katika miaka ya 1960.

Ubao wa namna hii hauna nyuzi zilizolala upande mmoja kama za mti, kwa hiyo haupindi kama mninga mbichi. Lakini ulileta shida mbili. Ya kwanza ni gundi: ilimaliza makali ya bledi za chuma cha kawaida kwa muda mfupi mno. Dawa ilikuwa imepatikana tayari katika kiwanda cha taa za umeme. Mwaka 1923, Karl Schröter wa kampuni ya Osram alivumbua mchanganyiko mgumu wa kabidi ya tungsteni, akitafuta kifaa cha kuvutia waya mwembamba wa ndani ya balbu. Kampuni ya Krupp ikauza mchanganyiko huo kuanzia 1926 kwa jina la Widia, na meno ya bledi zinazokata MDF leo yamechomelewa kabidi ya ukoo huo.

Shida ya pili ni melamini, lile tabaka gumu la rangi linalobandikwa juu. Meno ya bledi yanaposhuka na kutokea chini ya ubao, hulimegua. Watengenezaji wakaongeza bledi ndogo mbele ya ile kubwa, inayozunguka kinyume na kuchora mfereji wa kina cha milimita moja au mbili kabla bledi kubwa haijafika. Fundi anayeona kingo zinamegukameguka upande wa chini tu aanze kuichunguza bledi hiyo ndogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Ujerumani vilikubaliana juu ya mfumo wa matundu yanayoachana kwa milimita 32, kila tundu likiwa na kipenyo cha milimita 5. Namba hiyo ilitokana na mashine za kutoboa zenye ncha nyingi: gia zake hazikuweza kusogezwa karibu zaidi. Bawaba, reli za droo na vishikio vya rafu vikafuata mpangilio huo. Kuanzia hapo, ubao uliokosewa milimita moja haukuwa na mahali pa kujificha, kwani mlango uligoma kufunga.

Afrika Mashariki inaishi ndani ya historia hiyo. Kiwanda cha Raiply cha Eldoret kinatengeneza mbao za aina hii, na madukani ubao mzima huja kwa vipimo vya milimita 2440 kwa 1220, yaani futi 8 kwa 4. Dar es Salaam na Nairobi kuna wauzaji wenye mashine ya meza inayoteleza. Mteja anakuja na orodha ya vipande, anaondoka navyo vikiwa vimekatwa. Lakini sehemu kubwa ya kabati zetu bado inazaliwa kwenye karakana ndogo za Keko, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, juu ya meza ya chuma iliyochomelewa, mota ya mkanda, na ubao ulionyooka uliobanwa kuwa egemeo.

Meza hiyo inaweza kukata kwa usahihi. Fundi akichukua plaiwudi nzuri, akaipigilia chini vipande viwili vya mbao ngumu vinavyoteleza kwenye mifereji ya meza, na akaiwekea egemeo lililo mraba na bledi, amejipatia mashine ya Altendorf kwa gharama ya mabaki. Kizuio kikibanwa kwenye egemeo hilo, vipande ishirini vitatoka pacha.

Umraba nao una kipimo chake, ambacho hakitegemei skwea iliyowahi kuanguka sakafuni. Fundi huchukua kipande cha MDF, hukata upande mmoja, hukigeuza ili upande uliokatwa ulalie egemeo, akaendelea hivyo pande zote nne. Mkato wa tano, kwenye upande wa kwanza, hutoa ukanda mwembamba. Ukanda huo hupimwa kwa kalipa ncha zote mbili. Ncha moja ikisoma milimita 21 na nyingine 20, tofauti ya milimita 1 ni kosa lililojikusanya mara nne. Kosa halisi la egemeo ni robo milimita kwa urefu wa ukanda. Egemeo husogezwa kwa uwiano huo, kisha jaribio hurudiwa.

Usalama umechelewa kuliko usahihi. Mwaka 1999, Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, alibuni breki inayohisi mwili unavyopitisha umeme na kuisimamisha bledi ndani ya elfu chache za sekunde. Mashine za kampuni yake, SawStop, ziliingia sokoni 2004. Bei yake bado iko mbali na karakana nyingi za hapa. Hata hivyo, kisu cha nyuma ya bledi, kinachozuia ubao usiibane bledi na kurushwa kifuani kwa fundi, ni kipande cha chuma tu. Vilevile, kipande kifupi kisikatwe kikiwa kimenaswa kati ya bledi na egemeo la pembeni. Kibao cha kugongea kiwekwe kabla ya bledi ili kipande kikishakatwa kiwe na nafasi.

Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na wenye karakana wanaochukua vijana wa kufunza wana nafasi ya kuyarithisha haya. Kijana afundishwe kufunga kizuio kabla ya kufundishwa kuvuta futi, afanye mikato mitano kwa mkono wake mwenyewe, na asiruhusiwe kuwasha mashine iliyong'olewa kisu chake cha nyuma.