Saratani ya damu: Hatari ya kuruka tembe mgonjwa anapohisi nafuu

WAGONJWA wa saratani ya damu ijulikanayo kwa kifupi kama CML wanaweza kuishi miaka mingi wakiendelea na shughuli zao za kawaida, mradi wameze dawa yao kila siku kwa utaratibu unaofaa.

Dawa inayotumiwa na wengi wao ni imatinib, ambayo wagonjwa wengi huifahamu kwa jina la Glivec. Humezwa nyumbani, na mara nyingi ni dozi moja tu kwa siku. Wepesi huo ndio unaowaponza baadhi ya wagonjwa. Baada ya miezi michache homa na uchovu hutoweka, uzani hurejea, na mgonjwa huanza kuruka tembe akidhani amepona.

CML huanzia katika uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Chembe nyeupe za damu huzaana kupita kiasi, na wengu huvimba hadi mgonjwa akahisi tumbo limejaa upande wa kushoto. Ugonjwa huu hauambukizwi, wala mzazi hamrithishi mtoto wake.

Chanzo chake kilianza kujulikana mwaka wa 1960, watafiti Peter Nowell na David Hungerford walipogundua kromosomu isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa. Iliitwa kromosomu ya Philadelphia, kutokana na jiji la Marekani walikofanyia kazi. Mnamo 1973, Janet Rowley alionyesha kwamba inatokea wakati vipande vya kromosomu nambari 9 na nambari 22 vinapobadilishana mahali.

Mabadilishano hayo huunda protini iitwayo BCR-ABL, ambayo huamrisha chembe za damu kuzaana bila kikomo. Imatinib, iliyoidhinishwa nchini Marekani mnamo Mei 2001, hujishikiza kwenye protini hiyo na kuizima. Dawa inapopungua mwilini, protini huanza kazi yake upya. Hiyo ndiyo sababu dozi ya leo haiwezi kufidiwa na ya kesho.

Tembe tatu kwa mwezi

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 kuhusu wagonjwa 87 waliotibiwa jijini London, Uingereza, ulidhihirisha uzito wa jambo hili. Chupa za dawa zilifungwa vifuniko vya kielektroniki vilivyonakili kila mara zilipofunguliwa.

Kwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kudidimiza ugonjwa hadi kiwango cha chini sana katika muda wa miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Kwa waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, uwezekano ulikuwa asilimia 28.4 pekee.

Katika mwezi wa siku 30, asilimia 90 ni dozi 27. Kwa hivyo, mgonjwa anayekosa dawa siku tatu tu kila mwezi tayari yumo katika kundi la pili.

Namna ya kuimeza

Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ambaye ugonjwa wake ungali katika hatua ya awali ni miligramu 400 mara moja kwa siku. Daktari ndiye anayeruhusiwa kuipandisha au kuishusha.

Imatinib humezwa pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji ili isisumbue tumbo. Inafaa kuchagua mlo mmoja, kwa mfano chajio, na kushikilia saa hiyo hiyo kila siku. Asiyeweza kumeza tembe anaweza kuiyeyusha katika maji: mililita 50 kwa tembe ya miligramu 100, au mililita 200 kwa ile ya miligramu 400, kisha aikoroge na kunywa papo hapo. Tembe hazifai kusagwa, na mama mjamzito anayemuuguza mgonjwa hapaswi kushika dawa iliyovunjika.

Mgonjwa akisahau dozi, aimeze punde anapokumbuka. Saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, aiache iliyompita. Asimeze dozi mbili kwa pamoja.

Kanuni hizi si za dawa zote za ugonjwa huu. Nilotinib, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa, humezwa tumbo likiwa tupu: mgonjwa asile chochote kwa saa mbili kabla ya dawa na saa moja baadaye. Chakula huongeza kiasi cha nilotinib kinachoingia katika damu, na kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa anayebadilishiwa dawa hana budi kuulizia masharti upya.

Dawa zinazogongana

Imatinib huvunjwavunjwa na ini, na dawa nyingine hupitia njia iyo hiyo. Rifampicin, inayotumiwa kutibu kifua kikuu, huharakisha kazi hiyo na kupunguza mno nguvu ya imatinib. Baadhi ya dawa za kifafa, kama vile phenytoin na carbamazepine, hufanya vivyo hivyo.

Kwa upande mwingine, ketoconazole inayotibu maambukizi ya kuvu, na viuavijasumu kama erythromycin na clarithromycin, hufanya imatinib irundikane mwilini. Mabalungi pia huleta athari hiyo, na mgonjwa anashauriwa kuyaepuka pamoja na maji yake.

Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi wanapaswa kumfahamisha daktari wa saratani, kwani baadhi yazo hupandisha au kushusha kiwango cha imatinib. Anayetumia nilotinib aseme hivyo kabla ya kupewa dawa ya malaria, maana baadhi ya dawa hizo huathiri mapigo ya moyo. Hata paracetamol na dawa za mitishamba zitajwe. Mficha uchi hazai.

Madhara ya kuangaliwa

Kichefuchefu, kuharisha, misuli kukaza, vipele na uvimbe kuzunguka macho hutokea mara kwa mara, na aghalabu hutulizwa bila kuacha dawa. Wengi huruka tembe kwa sababu ya kero hizi bila kumwambia daktari, ilhali angeweza kuwasaidia.

Zipo dalili zisizongoja siku ya kliniki: uzani kuongezeka ghafla, kukosa pumzi, macho kuwa ya manjano, homa, au kutokwa na damu kusiko kwa kawaida. Mgonjwa akiziona, aende hospitalini mara moja.

Imatinib inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeitumia anahitaji mbinu thabiti ya kupanga uzazi, na hapaswi kunyonyesha. Anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Akigundua tayari ni mjamzito, amwone daktari bila kuchelewa.

Vipimo na ugavi

Kujihisi vyema si kipimo. Damu hukaguliwa mara nyingi katika wiki za kwanza, na kiwango cha BCR-ABL hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kinatarajiwa kuwa kisichozidi asilimia 10 kufikia mwezi wa tatu, asilimia 1 kufikia mwezi wa sita, na asilimia 0.1 kufikia mwaka mmoja. Kisiposhuka hivyo, swali la kwanza la daktari huwa ni iwapo tembe zinamezwa ipasavyo.

Bei ya dawa hii ilikuwa kizingiti kikubwa tangu mwanzo. Mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka wa 2002 na kampuni ya Novartis pamoja na shirika la Max Foundation uliwawezesha wagonjwa wengi, wakiwemo wa Kenya, kupata Glivec bila malipo. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinib katika orodha yake ya dawa muhimu, na leo kampuni nyingine pia hutengeneza imatinib ya bei nafuu.

Hata hivyo, dawa inaweza kuadimika, na safari ya kliniki huwa ndefu kwa anayeishi mbali. Ni busara mgonjwa kurudi kuchukua dawa zikiwa zimesalia za wiki mbili, na kupiga simu kliniki mapema anapokosa nauli.

Baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umedidimia kabisa kwa miaka kadhaa huachishwa dawa na daktari bingwa, huku damu yao ikipimwa mara kwa mara. Hata miongoni mwao, wapo ambao ugonjwa huwarudia na kulazimika kuanza tembe tena. Anayeacha dawa kivyake hana vipimo vya kumtahadharisha ugonjwa unaporejea.