Bobsledi: Namba ya kuanza inaweza kukupea medali ama ikunyime

Kama uliwatch Cool Runnings, bobsledi unaijua: wasee wanasukuma sledi, wanaruka ndani, inashuka na njia ya barafu ni kama imeibiwa. Lakini kuna kitu wengi hukosa kucheki. Ni nani ameanza wa ngapi?

Kwa nini namba ni noma

Barafu huchoka. Sledi ya wanaume wanne, ikiwa na watu ndani, inaweza kufika kilo 630, na yote imekalia vyuma vyembamba. Kila moja ikipita inaacha mikwaruzo. Wa kwanza anapata barafu laini. Wa mwisho anapata ile barabara ya mtaa wenu baada ya mvua.

Theluji ikianguka, mambo yanageuka: wa kwanza anafagilia wenzake njia.

Uliza Won Yun-jong

Olimpiki ya Pyeongchang 2018, huyu dereva wa Korea Kusini alikuwa kwao nyumbani, njia anaijua. Kwa sledi ya watu wawili akapewa namba 30, kati ya sledi 30. Raundi ya kwanza akamaliza wa 11. Alikazana hadi nafasi ya 6, lakini medali ilikuwa imeenda. Na usiseme ni kidogo: mbio hizo hizo, Kanada na Ujerumani waligawana dhahabu baada ya raundi nne, muda sawa kabisa, 3:16.86.

Siku chache baadaye, sledi ya watu wanne. Njia ni ile ile, lakini sasa namba yake ni 1. Mbogi yake ikatoka na fedha, sare na Wajerumani. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya bobsledi kwa Asia.

Si namba peke yake. Kusukuma vibaya ama kugonga ukuta kutakumaliza hata ukianza wa kwanza.

Olimpiki hupanga aje?

Raundi ya tatu, anayeongoza ndiye anaanza, so kazi yake inalipwa na barafu poa. Ya nne wanabaki 20 bora, na wanageuzwa: anayeongoza anashuka mwisho, presha yote kwake, barafu ishakwaruzwa.

Kwa hivyo next time ukiona msee amechelewa kwa raundi ya kwanza, usimcheke bure. Cheki kwanza namba yake.